Nani aongee tovuti ikivamiwa?

Samahani wasomaji wangu kwa ukimya wa majuma mawili. Kuna kazi iliyoninyima usingizi, na kosa lilikuwa langu.

Lipo shirika dogo hapa Nakuru linalowalipia watoto karo. Tovuti yao niliitengeneza mimi bila malipo, halafu sikurudi tena kuisasisha. Jumamosi moja asubuhi mama mkurugenzi akanipigia: "Kijana wangu, mbona tovuti yetu inauza dawa za wanaume?" Tulikuwa tumedukuliwa.

Kuizima kulichukua nusu saa. Kilichotushinda ni maneno. Mwenyekiti, ambaye ndiye msemaji, alikuwa mteja siku nzima. Wafadhili wanauliza. Kijana mmoja wa kujitolea, kwa nia njema kabisa, akaandika kwenye Facebook kwamba taarifa zote ziko salama. Nani alimwambia? Hakuna. Jumatatu nilipopitia kumbukumbu za seva nikakuta faili lenye majina na nambari za simu za wazazi limeshapakuliwa. Ikabidi tuikane kauli yetu wenyewe, na kufikia hapo mzazi mmoja alikuwa ameshapigiwa na tapeli aliyemtaja mwanawe kwa jina.

Nikaenda kusoma upya kisa cha Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Januari 2022 iligundua kwamba seva zenye taarifa za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliopotezana na jamaa zao vitani, zimevamiwa. Ilitangaza haraka, kabla ya kumjua mvamizi. Februari ikakiri kwamba wadukuzi waliingia tarehe 9 Novemba 2021 kupitia tundu la programu ambalo halikuwa limezibwa. (Nakiri nilipata nafuu kidogo.) Lakini kilichonigusa ni namna walivyowafikia wahusika: kwa simu, kwa barua, kwa matangazo, na kwingine maafisa wakafunga safari hadi vijijini kuwaeleza watu ana kwa ana.

Basi nimewaandikia mpango wa karatasi moja. Nani anazima tovuti, nani anaongea, nani anashika nafasi yake akiwa mteja. Kuna ujumbe uliokwisha andikwa, wenye nafasi za kujaza: kilichotokea, tusichojua bado, lini tutaongea tena. Wazazi wengi wana simu za kabambe, hivyo wao wanatumiwa SMS kwanza, Facebook baadaye. Nambari zote zimechapishwa, maana barua pepe nayo huvamiwa. Na chini nimeandika 72 kwa wino mwekundu: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatupa saa hizo kumjulisha Kamishna wa Data, kama kuna hatari ya kweli kwa wenye taarifa.

Karatasi imebandikwa nyuma ya mlango wa ofisi. Penye msemaji wa pili mama mkurugenzi ameandika jina langu kwa penseli. Nimemwomba alifute. Mimi nibaki na seva, na safari hii niisasishe.