Simba Aliyekwama Hatua ya Pili

Kwa mtu aliyelelewa katika Kiswahili, filamu ya The Lion King iliyotolewa na Disney mwaka 1994 ina jambo ambalo Mmarekani halisikii. Mwana wa mfalme anaitwa Simba, naye ni simba. Mamake ni Sarabi, neno letu la mazigazi. Fisi mmoja ni Shenzi, neno ambalo katika nyumba zetu mtoto akilitamka huambiwa akasukutue kinywa. Na yule ngiri mnene ni Pumbaa. Kwa hiyo mchezo wa video wa filamu hiyo ulipoingia nyumbani kwetu, ukiwa kaseti ya mashine ya Sega ambayo watoto waliletewa na ami yao kutoka Dubai, tuliupokea kama mgeni anayeijua lugha yetu. Mgeni huyo alikaa miaka miwili, na hakuwa mpole.

Hatua ya kwanza ni nyepesi. Simba angali mtoto. Anaruka, anabingirika, ananguruma kidogo. Hatua ya pili ndiyo iliyotuvurugia nyumba. Hapo Simba hurukia vichwa vya twiga, hurushwa na kima kutoka mti mmoja hadi mwingine, na hupanda mbuni anayekimbia kwa kasi, huku mchezaji akitakiwa kuruka au kuinama kwa wakati ule ule barabara. Kima wengine wakingurumiwa hugeuka upande, na njia yote ya kurushwa hubadilika. Asiyewageuza kwa mpangilio ufaao huzungushwa na kurudishwa alikoanzia, na mchezo hausemi ni kima yupi wa kugeuzwa. Maisha anayopewa mchezaji ni machache, na hakuna njia ya kuhifadhi pale alipofika. Hatua zote ni kumi. Kwetu haikupata kuonekana ya nne.

Kijana wetu mmoja, wakati huo ana miaka tisa, ndiye aliyeumia zaidi. Hakuwa mtoto wa hasira. Lakini tulianza kumsikia, baada ya kuanguka mara nyingi, akijiita kwa jina la yule ngiri. Na kwetu sisi hilo si jina la kuchezea, ni hali ya mtu aliyeduwaa, aliyepotewa na akili. Jioni moja akamwambia maalim chuoni kwamba hawezi kuhifadhi sura aliyopewa, kwa kuwa kichwa chake ni kibovu.

Katika nyumba yenye akina mama watatu, rai hazikosi kuwa nne. Mmoja alitaka mashine iuzwe, mwingine ifichwe juu ya kabati. Nyanya yao akakumbusha mafunzo ya Mtume wetu (s.a.w.) kuhusu ghadhabu: aliyesimama na akae, na isipomtoka na alale. Tatizo ni kuwa kijana alikuwa amekaa tayari. "Basi lala, mjukuu wangu," akaambiwa, na kweli akalala chali juu ya mkeka, akitazama dari hadi pumzi zikamtulia. Ikawa ndiyo sheria ya nyumba: anayepiga sakafu kwa hasira hulala chini mpaka ahesabu mia, kisha ndipo aendelee.

Wapo jamaa waliotuambia kuwa ugumu ule ni mwema, humfunza mtoto subira. Hatukuafikiana nao. Chuoni pia mtoto hurudishwa mwanzo wa sura anapokosea, pengine mara kumi. Lakini maalim humwonyesha herufi iliyomteleza, humtamkia, humsubiri. Nyuma ya ugumu huo yupo mtu anayetaka mtoto afike. Nyuma ya ugumu wa kima wale tulihisi hayupo mtu wa namna hiyo, ila ushahidi hatukuwa nao.

Ushahidi ulikuja miaka mingi baadaye. Louis Castle, mmoja wa waasisi wa Westwood Studios, kampuni iliyoutengeneza mchezo huo, ameeleza hadharani kwamba hatua ya pili ilifanywa ngumu kwa makusudi. Nchini Marekani wakati ule familia zilikodi michezo madukani kwa siku mbili tatu, na Disney haikutaka mchezaji asonge mbele sana katika muda wa kukodi, kwani aliyeumaliza hana haja tena ya kuununua. Basi kima wakapangwa vile. Kwetu hakuna aliyekodi chochote. Kaseti ilikuwa zawadi, imefungwa ndani ya kanga isivunjike safarini. Ukuta uliojengewa wateja wa maduka ya Marekani ukamsimamia mtoto wa Mombasa, naye akadhani kasoro ni yake.

Kijana huyo sasa ni baba wa watoto wawili. Tulipomsimulia habari hii alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Kumbe, wallahi, haikuwa mimi." Hakucheka.

Mwaka 2019 mchezo ulitolewa upya pamoja na ule wa Aladdin, na safari hii umewekewa uwezo wa kurudi nyuma: ukianguka, unarejea sekunde chache kabla ya kuanguka. Bintiye wa miaka minane aliwavuka kima wote kwa siku moja. Babake hutaka acheze bila msaada huo, ajue tabu ilivyokuwa. Sisi bibi zake tunaona ni haki yake, maana kitufe kile hufanya kazi ya maalim, humrudisha pale pale alipoteleza. Shauri hilo halijaisha. Lililokubaliwa na wote ni kuwa mchezo huchezwa Jumamosi baada ya Asri, na adhana ya Magharibi ikianza mashine huzimwa, Simba awe mgongoni mwa mbuni au hewani.