Nani Humlea Mwalimu wa Chekechea? Norwei na Pwani ya Afrika Mashariki

Mafunzo ya ualimu wa chekechea, yaani maandalizi ya mtu atakayewalea na kuwafundisha watoto kabla hawajaingia darasa la kwanza, hayawezi kukamilishwa na chuo peke yake, kwa kuwa stadi za kuongoza mchezo, kumsikiliza mtoto na kumtuliza anayelia hupatikana mbele ya watoto wenyewe. Kwa hiyo, anayelinganisha Norwei, ambako wapo wazazi wasemao Kiswahili wenye watoto katika chekechea za huko, na pwani walikotoka wazazi hao, hana budi kuuliza ni nani anayewajibika kwa mwalimu tarajali, yaani mwanachuo aliye bado mafunzoni, siku anapokabidhiwa watoto.

Nchini Norwei, ambako mafunzo hayo ni shahada ya miaka 3 iliyofanyiwa mageuzi mwaka 2013, kila mwanachuo hutakiwa kutimiza siku zisizopungua 100 za mazoezi yanayosimamiwa na kutathminiwa. Chekechea inayompokea, iwe ya manispaa au ya mmiliki binafsi, huwa mshirika wa chuo kwa makubaliano, na mmoja wa walimu wake huteuliwa kuwa mwalimu mlezi, ambaye humwelekeza mwanachuo na maoni yake huzingatiwa katika kuamua kama amefaulu. Malezi hayo yanawezekana pia kwa sababu ya kanuni ya mwaka 2018, inayodai mtumishi 1 kwa kila watoto 3 walio chini ya miaka mitatu, au kwa kila watoto 6 waliozidi umri huo, hivyo kwamba mlezi hupata nafasi ya kuketi na mwanachuo na kuijadili kazi ya siku.

Ushirikiano wa namna hiyo si mgeni pwani. Katika miaka ya 1980, viongozi wa Waislamu wa Mombasa waliotaka watoto wao waingie shule za msingi wakiwa tayari, bila kuachana na dini, walishirikiana na Wakfu wa Aga Khan kuanzisha mpango wa madrasa za awali, ambao Bi Swafiya Said alikuwa miongoni mwa waasisi wake, na ambao baadaye ulienea Zanzibar na Uganda. Jamii ilitoa chumba, ikaunda kamati na kuwachagua wanawake wa mtaani wa kufundishwa, nao wakufunzi wa mpango waliwafuata walimu hao madarasani mara kwa mara, wakiwaonyesha jinsi ya kutengeneza zana kwa vitu vinavyopatikana papo hapo, kama vile makombe na vifuu vya nazi. Hata hivyo, posho ya mwalimu ilitegemea sana ada za wazazi wasio na kipato kikubwa, na baadhi ya waliokwisha kuiva katika kazi walihamia kwenye ajira zenye malipo bora.

Katika mfumo wa serikali ya Tanzania, ugumu umekaa mahali pengine. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na ada zilipoondolewa mwaka 2016 watoto waliongezeka kwa kasi, hata madarasa mengi yakavuka mbali kiwango cha watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Katika darasa lililofurika hivyo, mwalimu tarajali huelekea kugeuzwa msaidizi wa kuziba pengo, kwa maana mwenyeji wake hana muda wa kumlea.

Kinachofaa kuigwa kutoka Norwei, basi, si wingi wa fedha wala majengo, bali kule kuutambua ulezi wa mwanachuo kuwa kazi rasmi yenye muda wake, malipo yake na sauti katika tathmini. Chuo cha ualimu kinaweza kuanza na madarasa machache ya jirani, kwa makubaliano yanayoihusisha halmashauri na kamati ya shule, huku mshahara wa mwalimu mlezi ukibaki mikononi mwa serikali, kwa sababu uzoefu wa madrasa umekwisha kuonyesha kwamba jamii inaweza kumpata mwalimu na kumsimamia, lakini haiwezi kumlipa daima.