Namba 41 kwenye ukuta wa mama, Kalundu

Ndugu zangu mnaolala chini ya shitingi tangu maji yalipotutoa kwenye nyumba, leo siwaletei habari za mkutano. Nawaletea habari za nyumbani kwetu.

Jumanne asubuhi mama alinipigia simu toka Kalundu: “Mwanangu, nyinyi watu wa habari, rangi nyekundu kwenye ukuta maana yake nini?” Nilichukua pikipiki nikafika. Nyumba yake ni ya mbao na mabati, vyumba viwili. Wameiandika 41. Kwa jirani wameandika 40, na kwa mama mjane anayeanika ndagala, 42. Walikuwa vijana wawili na mzee mmoja mwenye faili. Hawakusema wametoka ofisi gani. Walisema tu kwamba hapa ni ndani ya mpaka wa bandari, na kamyo zinahitaji mahali pa kuegesha.

Hapo nilikosa la kusema. Mwaka jana ni mimi niliyeandika, hapa hapa, kwamba kamyo za Kalundu zipewe mahali pa kuegesha.

Kwa ndugu waliotoka milimani au Fizi ambao hawajaujua vizuri mji wetu, Uvira ni kama mkanda. Magharibi kuna milima ya Mitumba, mashariki kuna ziwa Tanganyika, na watu wote tumebanana katikati. Bandari ya Kalundu iko mwisho wa kusini. Mpaka wa Burundi na barabara ya kwenda Bukavu viko kaskazini. Kwa hiyo kila gunia la unga na kila mfuko wa simenti unaoshuka Kalundu, uwe umetoka Kigoma, Kalemie au Mpulungu kule Zambia, kama unakwenda Bukavu au Bujumbura ni lazima upite mji mzima kwenye barabara ileile moja, uvuke Kalimabenge, uvuke Mulongwe, uvuke Kavimvira. Ni barabara hiyohiyo watoto wanayopita kwenda shule, na kandokando yake ndiko mama zetu wanakouzia nyanya.

Na kamyo haiji ikapakia ikaenda. Upepo ukichafuka ziwani, boti inachelewa. Ikifika, kuna karatasi za ushuru. Karatasi zikiisha, mizigo inabebwa kwa kichwa na mgongo, gunia moja moja. Dereva anangoja siku mbili, tatu, wakati mwingine juma zima, na anangojea ukingoni mwa barabara maana hakuna pengine. Wanapika chini ya kamyo na kulala chini ya kamyo. Mwaka jana kamyo moja ilirudi nyuma mbele ya nyumba ya mama ikamgonga binti aliyekuwa na bidoni ya maji. Alivunjika mguu. Ndiyo sababu niliandika yale niliyoandika, na sijutii.

Lakini sikuuliza hiyo nafasi itatoka wapi.

Sisi hatukuzaliwa Kalundu. Nyumba yetu ilikuwa karibu na mto Mulongwe. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto ulishuka na mawe ya mlimani, na wengi wenu mnajua yaliyofuata kwa sababu mlikuwepo. Tulilala shuleni, kisha kwenye shitingi. Mama alichoka kungoja. Akanunua kipande cha ardhi Kalundu kwa mtu aliyekuwa na karatasi ya mkono yenye alama ya kidole. Bei ilikuwa ndogo, na tulijua kwa nini ilikuwa ndogo. Tusidanganyane.

Kisha ziwa nalo likaanza kupanda. Mito mingi inaingia Tanganyika, ila mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, kule Kalemie, na unatoa maji polepole. Mvua za miaka michache zikifuatana, ziwa linajaa na kukaa limejaa. Mwaka wa 2024 lilikaribia mita 777 juu ya usawa wa bahari, wakati wazee wetu walizoea kuliona kwenye 774 hivi. Maji yaliingia bandarini. Mahali palipokuwa pa kushushia mizigo pakawa pa kuogelea watoto.

Hili ndilo nililolielewa nikiwa nimesimama mbele ya ile 41. Maji yaliyotufukuza sisi ndiyo yanayoifukuza bandari. Bandari inarudi nyuma ikitafuta udongo mkavu, na kwenye udongo mkavu inatukuta sisi, tuliofika kabla yake kwa sababu ileile.

Sisemi bandari ikose ardhi. Boti zisipofika, bei ya unga sokoni tunaijua wote. Mama mwenyewe anauza bugari na maharagwe kwa wabeba mizigo, na ada ya shule ya wadogo zangu inatoka kwenye sufuria hiyo. Lakini gati ni lazima liwe majini. Kamyo inayongoja hailazimiki kungojea majini. Inaweza kungoja kaskazini, kwenye upande wa bonde la Ruzizi ambako ardhi ni tambarare, na dereva akaitwa kwa simu mzigo wake ukiwa tayari, kamyo tano tano, si saa ambazo watoto wanatoka shuleni. Tanzania, ambako mizigo mingi ya Kigoma inatoka, wamejenga bandari kavu huko Kwala, nje ya Dar es Salaam, ili makontena yasisongamane mjini. Sisi hatuombi reli wala makontena. Uwanja wenye ukuta, choo na kisima ungetosha kuanzia. Najua huko bondeni nako kuna mashamba ya watu, na wenyewe wataulizwa kwanza, si kupakwa rangi.

Jumatano nilikwenda na mama kwenye ofisi moja. Nikaomba kuona ramani. Karani, kijana mwenye adabu, akasema ramani iko Bukavu. “Basi mpaka unapita wapi?” mama akamuuliza. Kijana akanyoosha mkono dirishani, akauzungusha kuelekea ziwani. Mama akautazama ule mkono mpaka ulipotulia. “Baba,” akamwambia kwa heshima, “huo mkono wako umepita pia juu ya depo ile kubwa ya simenti. Yenyewe ina namba gani?”

Haina namba. Nilirudi nikahesabu. Rangi inaanzia 1 karibu na barabara, inakwenda hadi 58, inafika kwenye ukuta wa depo, inanyamaza. Ng'ambo ya depo inaendelea na 59. Depo iko karibu na maji kuliko nyumba ya mama. Mwenye depo ana fishi ya parsele, nimeambiwa. Labda ni kweli. Lakini kama mpaka ni mpaka, unapita kwenye parsele ya kila mtu, halafu ndipo fishi zinaletwa mezani, ya kwake na karatasi ya mama yenye kidole.

Nyinyi mlio na namba, msiifute rangi, wasije wakasema mmeficha. Pigeni picha ya ukuta. Andikeni ni watu wangapi wanalala ndani, na mlihama kutoka wapi, na mwaka gani. Pelekeni nakala kwa shefu wa mtaa, mbaki na nyingine.

Jumamosi asubuhi nitakuwa Kalundu na kamba ya mita 50. Tutapima toka ukingo wa maji hadi kila ukuta, kuanzia 1, na depo tutaipima pia. Mama amesema atapika.