Kitenge cha Krismasi

Akina mama wenzangu, Krismasi ya mwaka 2013 kijana wetu alifika nyumbani Shinyanga siku mbili tu kabla ya sikukuu, ingawa chuo kilifungwa mwanzoni mwa Desemba. Baada ya ibada tulikula wali kwa kuku, ndipo akafungua begi: shati la baba yake, viatu vya wadogo zake, na kitenge changu. Nilifurahi, kisha nikaanza kuhesabu bei. Mama hawezi kuacha kuhesabu.

"Mwanangu, fedha umepata wapi?"

Alikuwa Geita, kwa wachimbaji wadogo, akichoma dhahabu. Unga wa mawe huchanganywa na zebaki ili inase dhahabu, kisha donge huwekwa motoni zebaki iondoke. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, nao hudhuru mishipa ya fahamu na figo. Yeye alichomea ndani ya chumba, kwenye jiko la mkaa. Na mama yake ni muuguzi!

"Nilitaka na mimi nilete kitu, mama."

Mwaka mzima nilikuwa nikilalamika mbele yake juu ya ada. Nilijifunga kile kitenge, nikamwambia anyooshe mikono nione kama inatetemeka.