Kujaza Vinyweleo vya Mbao, na Kuficha Aibu

Useremala si kazi duni katika Uislamu. Imepokewa katika Sahihi ya Imamu Muslim kuwa Nabii Zakaria, amani iwe juu yake, alikuwa seremala. Na mimbari ya Mtume wetu (s.a.w.) ilichongwa kwa mti uitwao kwa Kiarabu athl, kutoka msitu wa Ghaba ulio karibu na Madina, na aliyeichonga ni mtumishi seremala wa bibi mmoja wa Kiansari. Basi hapana aibu kwa gazeti la dini kunena habari za randa na msasa. Nasi leo twapenda kunena juu ya kazi moja ndogo ya seremala, ambayo wengi waiona ni ya urembo tu, nayo ni kujaza vinyweleo vya mbao ili uso wake uwe laini.

Ubao, hata ukipigwa randa ukang'aa, si kitu kizima kama kioo. Ndani yake mna mirija ambayo mti ulikuwa ukipandishia maji ulipokuwa hai, na randa ikipita huikata mirija ile ikabaki wazi, mistari myembamba na vitundu. Miti mingine mirija yake ni midogo mno, haionekani. Mingine ni mikubwa, hata ukipitisha ukucha wausikia ukikwaruza. Mwaloni wa Ulaya ndio uliotajika sana kwa jambo hili, na vitabu vya maseremala wa huko vyasema mengi juu ya kuujaza. Huku kwetu mwaloni haupo. Lakini upo mgrivea, mti uliotoka mashariki ya Australia, ambao Waingereza waliuita mwaloni wa hariri kwa kuwa ubao wake ukipasuliwa vizuri huonyesha madoa yang'aayo kama ya mwaloni. Vinyweleo vyake navyo ni vikubwa.

Sisi twakaa Yaeda Chini, katika bonde lililo chini ya uwanda wa juu wa Mbulu. Miti yetu ni migunga na mibuyu, na misitu ya ndugu zetu Wahadzabe, ambao mwaka 2011 walipata hati ya ardhi yao, si mahali pa kupeleka msumeno. Mbao zetu za meza na vitanda hushuka kutoka juu, na nyingi ni za mgrivea uliopandwa mashambani, kwa kuwa hukua upesi na bei yake yafikika. Huko juu ni baridi na ukungu. Huku chini ni joto na upepo mkavu, na wakati wa kiangazi ziwa likikauka vumbi lake la chumvi huingia kila mahali. Msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana ndilo linaloharibu kazi nyingi.

Mwaka uliopita madrasa yetu ilihitaji meza mbili ndefu na marfaa kumi za kuwekea misahafu. Kijana mmoja aliyesoma kwetu, sasa ni fundi, akaipokea kazi. Tulikaa naye jioni nyingi, kwa sababu mwalimu naye hupenda kuona mkono uliokuwa ukishika kalamu ukishika kitu kingine.

Alianza kwa kungoja, na jambo hilo liliwaudhi baadhi ya wazee. Alizipanga mbao kivulini, akaweka vijiti kati yake ili hewa ipite, kisha akachukua kipande kimoja akawa akikipima kila Ijumaa kwa mizani ya duka. Kipande kilipungua uzito wiki baada ya wiki. Kanuni ya maseremala wa zamani ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Katika bonde kavu kama letu huweza kuwa chini ya hapo, lakini mizani haibishani na mtu. Uzito uliposimama wiki tatu mfululizo, ndipo akashika randa.

Mzee mmoja alimwendea akamwambia, "Mwanangu, watoto wanaandika magotini. Paka vanishi, tuone meza."

Akajibu kwa adabu, "Mzee wangu, nikijaza leo, kiangazi kitafukua nilichojaza."

Na ndivyo ilivyo. Ubao hausinyai kwa urefu, husinyaa kwa upana. Ukiujaza ungali na maji ya Mbulu, ukisinyaa huku chini kile kijazo hakisinyai pamoja nao: hubinuka, hupasuka, hutoka kama ukoko wa ugali, na vanishi hutoka nacho.

Ubao ulipokuwa tayari aliusugua kwa msasa wa kati akifuata nyuzi, kisha akaupangusa kwa kitambaa chenye unyevu. Vinyuzi vikasimama. Vilipokauka akavisugua tena kwa msasa laini. Akapaka vanishi nyepesi mara moja, ili kijazo kisiubadilishe ubao rangi. Kisha akafanya kijazo chenyewe: plasta laini ya unga, gundi kidogo na maji, na udongo mwekundu uliochekechwa kwa kitambaa, hata kikawa kama uji mzito. Rangi yake aliifanya iive kidogo kuliko ubao, kwa sababu mbao hukoza zikipata mafuta na miaka, lakini plasta hubaki ilivyo, na mistari myeupe katika meza nyekundu haipendezi. Akakipaka, akakisukuma kwa kipande cha gunia akikatiza nyuzi, si kwa kuzifuata. Mwenye kuzifuata hukitoa kile alichokitia. Kilipoanza kupoteza mng'ao akapangusa ziada, naye akikatiza vilevile. Akaacha usiku kucha, akasugua kwa mkono mwepesi, akarudia mara ya pili. Meza zile sasa zimepita kiangazi kizima. Wino ukimwagika hupanguswa, na vumbi la ziwa halipati mahali pa kukaa.

Tulimwuliza kwa nini hakutumia unga wa mbao na gundi nyeupe, kama wafanyavyo wengi. Akasema hufaa kwa ufa mdogo, ila gundi ile ikibaki juu ya ubao hainywi rangi wala mafuta, huacha baka. Kisha akanyamaza, akaongeza kuwa mchanganyiko huo hutumika sana kwa kazi nyingine.

Kazi hiyo nyingine ndiyo iliyotusukuma kuandika. Twajua nyumba iliyouza mbuzi watano ikanunua kabati kwa ajili ya binti aliyekuwa akiolewa. Liling'aa kama kioo. Kabla ya miezi minne unga ukaanza kumwagika chini yake. Matundu ya bungua yalikuwa yamezibwa kwa unga wa mbao na gundi, yakapakwa rangi, na wadudu walikuwa ndani wakila. Ubavu mmoja ulikuwa na pengo la kifundo kilichooza, upana wa viganja viwili, lililozibwa vivyo hivyo. Aliyeliuza hatumtaji, na kabati halikurudishwa, kwa kuwa wenyewe walidhani mali ikishatoka dukani basi imekwisha.

Haikwisha. Imepokewa na Imamu Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono ndani, vidole vyake vikakuta majimaji. Alipouliza, mwenye mali akasema kuwa mvua ilikinyeshea. Mtume akamwuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona, kisha akatoa onyo kali kuwa mwenye kughushi si miongoni mwa wafuasi wake. Tazameni, ndugu zetu: mvua haikuwa kosa la mtu yule, wala bungua si kosa la seremala. Kosa ni kukigeuza kilicholowa kiwe chini. Na wanazuoni wa fiqhi wamethibitisha kuwa mnunuzi akiona aibu ya tangu zamani aliyofichwa, anayo hiari ya kukirudisha kitu na kurudishiwa mali yake.

Kijana wetu huzijaza nyufa pia, lakini humwonyesha mnunuzi kabla ya kupaka, na bei huishusha. Wapo wanaomwona mjinga kwa hilo, na wateja wengine hukimbilia vinavyong'aa. Nasi twasema wazi kuwa lawama nusu ni ya wanunuzi. Anayeharakisha fundi, akataka kitanda Jumamosi kwa mbao zilizopasuliwa Jumatatu, anataka kudanganywa, na hatakosa wa kumdanganya. Mwenye kununua na akitazame chombo mgongoni na chini ya droo, mahali ambapo vanishi haifiki. Unga laini ni dalili ya bungua. Ncha ya msumari ikizama mahali pamoja na kukataa pengine, na aulize pana nini.

Mambo mawili tuyataje kwa haraka. Vumbi la mbao si la kudharauliwa: mwaka 1995 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani ililitia katika orodha ya vitu visababishavyo saratani kwa binadamu, na vumbi la mgrivea huwasha ngozi za baadhi ya watu. Vijana wafunike pua, na watoto wasicheze chini ya meza inayosuguliwa. Na polishi ya spiriti wameiuliza wengi, kama yafaa kwa marfaa ya msahafu. Wanazuoni wametofautiana: wako wahesabuo kila kilevi cha maji kuwa ni najisi, na wako wasemao kuwa spiriti iliyotiwa sumu isinyweke haiingii katika hukumu hiyo. Anayetaka kutoka katika hitilafu hiyo, mafuta ya kitani yamtosha. Ila matambara yaliyolowa mafuta hayo yasirundikwe pembeni, kwani huweza kujipasha moto yenyewe yakawaka. Yatandazwe nje yakauke.

Kwa marfaa fundi alifanya tofauti kidogo. Kila moja huchongwa katika ubao mmoja, na bawaba zake ni meno ya ubao huo huo yaliyopishana. Pande zote alizijaza na kuzipaka, lakini meno aliyaacha matupu, akayapitishia nta tu, kwa sababu kijazo kikiingia humo marfaa haifunguki, na mtoto akiilazimisha huvunja jino.