Masalani: Ambako benki huvaliwa mkononi

Ukitoka Garissa kwenda kusini, mto Tana ukiwa mkono wako wa kulia, jitayarishe kwa vumbi. Masalani, uliokuwa makao makuu ya wilaya ya Ijara ilipoundwa mwaka 2000, ni mji wa wafugaji. Huko ng'ombe ndio mali, na mgeni huonyeshwa ng'ombe kwanza.

Lakini wewe, msomaji, tupa jicho mikononi mwa akina mama wauzao maziwa sokoni. Utaona bangili za dhahabu. Usidhani ni urembo tu!

Bibi zao walivaa fedha na shanga nene za kaharabu. Dhahabu ilikuja baadaye, na ufundi wake katika pwani yetu una mkono mkubwa wa Wahindi. Hata jina sonara tulilipata kwao, na tola pia, kipimo chao cha gramu 11.66. Ukipita Mombasa, chungulia kwa sonara wa zamani. Huyeyusha dhahabu katika chungu kidogo, akaimimina iwe kijiti, kisha akaivuta katika bamba la chuma lenye matundu, kila tundu likiwa jembamba kuliko lililotangulia, hadi iwe uzi wa kusukia mkufu. Siku hizi, ole wake, vingi vinavyouzwa Eastleigh vimeshafuliwa Dubai.

Dhahabu ya mahari ni ya mke mwenyewe katika sheria ya Kiislamu. Mume hana ruhusa kuigusa bila ridhaa yake. Nyingine mama huinunua kwa zamu yake ya ayuuto, ule mchezo wa kuchangiana ambao Wasomali wamekwenda nao hadi London.

Faida yake ilionekana Desemba 2006, homa ya Bonde la Ufa ilipozuka Garissa na Ijara ikaumia sana. Watu walikufa, mifugo ikafa, masoko ya mifugo yakafungwa. Ng'ombe mzima asiyeruhusiwa kuuzwa hanunui unga. Bangili haiugui, nayo huingia mfukoni ukihama usiku.

Hata hivyo kuna hasara. Sonara anaponunua hulipa uzito tu. Ile pesa uliyotoa ya ufundi imekwenda. Kwa hiyo, dada unayejiwekea akiba, epuka mawe na nakshi nyingi, uliza karati (22 ni sehemu 22 za dhahabu katika 24), na utunze risiti. Mwaka 2025 aunsi moja ilipita dola 3,000, na aliyenunua zamani anacheka.

Linaloniudhi ni moja. Kazi ya usonara hurithiwa na watoto wa kiume, na wanawake hawa wanaojua kupima bangili kwa kiganja, wachache mno wamewahi kushikishwa tupa.

Kabla ya kuondoka, keti unywe chai ya maziwa kwa mmoja wao. Toa salamu kwanza, "Asalaam aleikum, mama." Atakumimina kikombe kilichojaa, bangili zikigongana.