KOMPYUTA YA ZAHANATI NA SIRI YAKO, MAMA (Sehemu ya 6)

Swali linalorudi kila wiki kwenye inboksi yangu: "Nesi, hizo kompyuta mlizoweka zahanati, taarifa zangu anaziona nani?" Mama zangu, hilo ni swali la maana sana. Leo tuliongee vizuri.

Zahanati yetu hapa Kaloleni ni ndogo: mapokezi, chumba cha daktari, maabara, dirisha la dawa na chumba cha chanjo. Vyumba vitano, kompyuta tano. Fundi alivuta waya kutoka kila chumba hadi kwenye kiboksi kinachoitwa swichi, na hapo ikaunganishwa kompyuta kuu inayotunza mafaili yote. Daktari akiandika kipimo, maabara wanakiona palepale. Huzunguki tena na kikaratasi huku mtoto analia mgongoni.

Wengi wanachanganya hapa: mtandao huu wa ndani siyo intaneti. Bando likiisha, vyumba vinaendelea kuwasiliana kama kawaida. Mtihani ni umeme. Kwa hiyo kompyuta kuu ina betri ya akiba, inatupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuizima taratibu, na daftari la karatasi bado lipo mezani. Kila jioni nakala ya mafaili inawekwa kwenye diski ya pembeni, inafungiwa kabatini.

Sasa tuje kwenye siri. Fundi alitaka neno la siri moja kwa wote. "Rahisi, sista, hamtasahau." Nilikataa, tukabishana mpaka mwenye zahanati akaja kusikiliza. Nikamwambia hivi: Kaloleni tunajuana. Anayekaa mapokezi anaweza kuwa wifi yako au jirani yako. Mama mjamzito akipima VVU, au binti akija kuchukua uzazi wa mpango, habari ikionekana kaunta inaweza kufika nyumbani kabla yake. Mama huyo harudi tena kliniki. Na asiporudi, anakosa dawa zinazomkinga mtoto asiambukizwe. Jamani, hapo hatuongelei kompyuta tena, tunaongelea uhai.

Ikakubalika. Kila mfanyakazi ana neno lake la siri. Mapokezi wanaona jina, umri na namba ya faili, basi. Majibu anayaona anayekuhudumia, na kila faili likifunguliwa, programu inaandika nani kafungua na saa ngapi. Hata ile waifai ya wanaosubiri kwenye benchi imetengwa, haigusi kompyuta za kazi.

Na sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Una haki ya kujua kilichoandikwa juu yako, na kuomba kirekebishwe kama kimekosewa.

Msije mkaziogopa hizi kompyuta lakini. Mkoa wetu wa Arusha ndio ulioanza kutumia rejista ya kielektroniki ya chanjo katikati ya miaka ya 2010, kabla ya mikoa mingine kufuata. Rejista ya namna hiyo inamsaidia nesi kumtambua mtoto ambaye tarehe yake imepita, badala ya kupekua madaftari kurasa kwa kurasa. Na wanaopitwa zaidi ni wale wakubwa wakubwa: chanjo ya surua na rubella ni miezi 9, halafu tena miezi 18. Ile ya pili wengi mnaisahau kwa sababu mtoto anakimbia tayari!

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukienda kituo chochote uliza bila woga: "Majibu yangu anayaona nani?" Anayeuliza hivyo siyo mkorofi. Na kadi ya kliniki ya mtoto itunze vilevile, ifunge kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Ukihamia mkoa mwingine, kadi hiyo inasomeka hata pasipo na umeme.

Sehemu ya 7 tutaongelea homa za usiku.